Waliohudhuria Wameridhia

1

Zamoyoni Mhando aliusoma ule ukurasa mara tatu, na mara zote tatu aliona anatukanwa.

"Wananchi 41,306 walihudhuria Baraza Mtandao kuhusu Sheria ya Programu Halali. Waliohudhuria wameridhia."

Nukta. Basi. Hapakuandikwa popote kwamba yeye mwenyewe aliongea barazani dakika kumi na moja akiipinga sheria hiyo mpaka koo likamkauka. Wala hapakuandikwa kwamba baada yake waliongea watu zaidi ya elfu mbili, wengine kwa maneno ambayo mama zao wasingependa kuyasikia. Wameridhia! Alikisukuma kishikwambi chake kikateleza mezani, kikagonga kopo la skrubu, skrubu zikamwagika sakafuni.

Bi. Sikudhani, mteja wake, alikuwa amekaa kwenye stuli akisubiri sikio lake. Aliziona skrubu zikianguka, hakuzisikia. Sikio lake la kulia lilikuwa mezani limefunguliwa, la kushoto lilikuwa kwenye chaji.

"Nani kafa?" aliuliza kwa sauti ya juu, kama waongeavyo watu wote waliofanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe miaka ishirini na sita.

Zamoyoni alimgeuzia uso ili aisome midomo yake. "Hajafa mtu, mama. Wametugeuza wajinga."

Mawemapana ni mji wa kokoto. Barabara za nusu ya nchi hii zimetandikwa mawe yaliyosagwa pale, na nusu ya watu wa pale masikio yao yamekwenda na mawe hayo. Kwa hiyo yalipotokea masikio ya kuchomeka ya kampuni ya Tarumbeta, kidude kidogo cha rangi ya kahawa kinachokaa nyuma ya sikio na kuongea moja kwa moja na ubongo, watu waliuza ng'ombe, waliuza pikipiki, wakayanunua. Waliyanunua, jamani, hawakuazimwa. Lakini ndani ya kila sikio kulikuwa na programu, na kila baada ya siku thelathini programu hiyo iliiuliza kompyuta ya kampuni, huko ng'ambo iliko, niendelee? Kompyuta ikajibu, endelea.

Kisha Tarumbeta ikauzwa, na wenye mali wapya wakaona masikio hayana faida, wakaizima ile kompyuta. Masikio yakauliza, yasijibiwe. Jumanne moja asubuhi mji mzima ulirudi kwenye ukimya. Watoto waliwaita mama zao wasiitikiwe.

Zamoyoni alikuwa fundi simu, na yeye pia alivaa masikio hayo pande zote mbili, maana alizaliwa hatua sitini kutoka kwenye mashine. Alikaa siku kumi na moja bila kusikia lolote, anaipekua programu mstari kwa mstari, mpaka akaukuta ule unaoomba ruhusa. Akaukata, kwenye yake kwanza, kisha kwenye ya mji mzima. Tangu siku hiyo masikio ya Mawemapana hayamwombi mtu ruhusa. Na hicho ndicho Sheria ya Programu Halali inachokiita wizi.

"Nisomee ukurasa wa pili," alisema Bi. Sikudhani, akimrudishia kishikwambi.

Zamoyoni alisoma. "Wakati mhudhuriaji alipobonyeza Nipo, kifaa chake kilikaguliwa kwa ridhaa yake. Vifaa vilivyokutwa na programu zilizoibwa vitazimwa kupitia mtandao Ijumaa saa sita kamili mchana." Chini yake kulikuwa na orodha ya miji. Mawemapana, masikio ya watu mia nne na kumi na wawili.

Aliketi. 

Maana ni nani aliyewaambia wabonyeze? Kwetu hakuna kikao bila karatasi ya mahudhurio. Iwe kamati ya harusi, iwe mkutano wa shule, iwe matanga, karatasi inazunguka kabla hata mwenyekiti hajakohoa, na kila mtu anatia sahihi bila kusoma kichwa cha karatasi. Ukikisoma utaonekana una lako jambo. Kwa hiyo baraza lilipofunguliwa na kile kitufe cha Nipo kikatokea, Zamoyoni aliwatangazia watu wa Mawemapana kwa furaha: "Bonyezeni kwanza jamani, tuonekane tuko wengi!" Na wao, waliokuwa wakilisikiliza baraza kupitia masikio yaleyale, wakabonyeza.

Alikwenda kwenye kifungu cha kumi na nne cha sheria hiyo kutafuta hiyo ridhaa ilitoka wapi. Aliikuta. Mwisho wa baraza swali lilikuwa limepita chini ya skrini, wakati watu bado wanabishana: Je, umeridhia? Lilikaa sekunde kumi. Asiyejibu ndani ya sekunde kumi, kilisema kifungu, amehesabiwa kuwa ameridhia.

"Washenzi," alisema Zamoyoni.

Neno hilo Bi. Sikudhani alilisoma vizuri sana.

2

Jumatatu nzima mtandao uliwaka. Kwenye Ukumbi wa Mafundi, kundi la watu elfu tisa ambalo siku za kawaida huzungumzia betri na vioo vilivyopasuka, jina la Zamoyoni lilikuwa juu kila alipofungua.

"Wezi wakikamatwa wanajiita watetezi wa haki," aliandika mmoja.

"Serikali imekosea wapi? Ulibonyeza, hukubonyeza?"

"Wewe subiri wafike kwenye mashine ya presha ya baba yako, ndipo utajua wamekosea wapi."

"Mbona mnamsumbua huyu dada? Kawasaidia viziwi. Au viziwi nao ni maharamia?"

Alikuwa akijibu huyu na yule, mwingine akimpuuza, mpaka akafika kwa mtu anayeitwa Gwamaka. Huyu hakutukana.

"Dada Zamoyoni, mimi ni mwandishi wa programu. Niliandika ya kupimia mashamba, miaka minne, peke yangu. Ndani ya wiki moja ikawa inagawiwa bure kila kona, hata jina langu wamelifuta. Nimerudi kuishi kwa wazazi na umri huu. Niambie, nikuonee huruma kwa lipi?"

 Swali hilo lilimchoma Zamoyoni kwa sababu lilikuwa la haki. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Pole sana, ndugu yangu. Wewe uliibiwa, sibishi, na aliyelifuta jina lako hana aibu. Lakini mtu akiinunua programu yako leo, kesho ukafunga duka ukaondoka, utamfuata shambani kwake umpofushe macho?"

"Hapana," alijibu Gwamaka. "Lakini si sheria hii ndiyo itakayonilinda?"

"Soma kifungu cha kumi na nne mpaka cha ishirini. Mkaguzi ni Mamlaka ya Programu Halali, mshitaki ni Mamlaka, anayehukumu ni Mamlaka, anayezima ni Mamlaka. Nitafutie mahali wewe mwandishi unapotajwa."

Zilipita kama dakika arobaini.

"Nimesoma," aliandika Gwamaka. "Sitajwi hata mara moja. Kumbe wamenitumia mimi kama kisingizio tu."

Zamoyoni angeweza kufurahi hapo. Lakini ujumbe uliofuata ulitoka nyumbani, kwa Shemhilu, mzee wa mtaa wa pili, mtangazaji wa mechi za mtaani, mtu asiyejua kuongea polepole.

"Wewe ndiye uliyetuambia tubonyeze."

 Zamoyoni alizima kishikwambi, akakifunika kwa kitambaa.

3

Jumatano saa nne asubuhi, Bwana Kaswamila wa Mamlaka ya Programu Halali aliingia karakana bila kupiga hodi, akiwa na suti ya kijivu na chupa ya maji mkononi. Alimwamkia Zamoyoni kwa adabu, akamuulizia habari za nyumbani, akasifia karakana.

"Fundi hodari kama wewe, dada yangu, ungekuwa kwetu ungefika mbali."

"Bwana Kaswamila, usinivishe kilemba cha ukoka. Sema kilichokuleta."

Aliweka karatasi mezani, juu ya masikio mawili yaliyofunguliwa. Zamoyoni aliyaondoa masikio kwanza, taratibu, moja moja, ndipo akaisoma. Mistari ilikuwa mitatu. Mimi Zamoyoni Mhando nathibitisha kwamba nilibonyeza Nipo nikijua maana yake. Nathibitisha kwamba niliwaeleza wenzangu maana hiyo. Nathibitisha kwamba baraza lilikuwa huru na la haki.

"Ijumaa asubuhi unatoa ushahidi kwenye kesi iliyofunguliwa mahakamani kuipinga sheria," alisema Kaswamila. "Tunajua. Katika watu elfu arobaini na moja ni wewe peke yako uliyekubali kutaja jina. Usipokuwepo wewe, hakuna kesi. Ukitia sahihi hapa, masikio ya Mawemapana yanapewa msamaha maalumu. Yote. Maisha."

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Wa miji mingine! Wenye pampu za sukari, wenye miguu ya chuma, wenye mashine za kupumulia. Orodha yenu ina kurasa tisini."

Kaswamila alikunywa maji. "Hao si ndugu zako."

Zamoyoni alitamani kumrushia kopo la skrubu. Lakini mdomo wake ulisema kitu kingine, na alijichukia alipokisikia. "Niachie karatasi."

"Unayo mpaka Ijumaa," alisema Kaswamila, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda. "Saa sita kasoro dakika moja bado nitaipokea."

4

Alimpelekea Bi. Sikudhani ile karatasi kabla hata chai ya saa nne haijapoa. Bi. Sikudhani, mwenye masikio yote mawili siku hiyo, alisikiliza ikisomwa mpaka mwisho.

"Nimeshaamua," alisema Zamoyoni. "Natia sahihi. Mimi niliwaingiza, mimi nitawatoa."

"Umeshaamua!" Bi. Sikudhani aliangua kicheko kikavu. "Hebu rudia nisikie vizuri. Mamlaka wameamua kwamba mimi nimeridhia, hawakuniuliza. Sasa na wewe umeamua kwamba mimi nataka msamaha, hujaniuliza. Tofauti yenu ni nini, mwanangu? Suti?"

Zamoyoni aliikunja karatasi, akaitia mkobani.

"Nenda kaulize watu. Nyumba kwa nyumba. Na usiende na karatasi ya mahudhurio, tafadhali, tumechoka."

Alikwenda. Jumatano mchana na Alhamisi nzima alizunguka, akieleza yote bila kuficha: mkitaka masikio yenu, natia sahihi na sheria inabaki kwa nchi nzima, nisipotia, Ijumaa saa sita mnazimika, na kesi hatujui itaishaje. Wengine walitukana Mamlaka, wengine walimtukana yeye. Kinyozi mmoja alimwambia, "Kuna mtoto wa dada yangu huko mjini anapumulia mashine. Ukitia sahihi nitakung'oa hayo masikio mwenyewe." Walio wengi, kwa kweli, walisema asitie. Walisema kwa hasira, wakigonga meza, na alipotoka kila nyumba ya namna hiyo alijisikia mwepesi.

Kisha akafika kwa Shemhilu.

Shemhilu alikuwa kibarazani na mkewe, Kibibi, wanamenya viazi. Kibibi haoni tangu ujana wake. Zamoyoni alilijua jambo hilo miaka yote, lakini mpaka alipokaa kwenye mkeka wao na kuwaona wakibishana kuhusu chumvi ndipo akili ilipomfunguka. Shemhilu asiposikia, Kibibi atamwambiaje neno? Kusoma midomo hakutasaidia, maana Kibibi ataongea lakini hawezi kujua kama mwenzake anamwangalia. Na Shemhilu anaweza kuongea, lakini swali la mkewe halitamfikia.

"Tia sahihi," alisema Shemhilu, na safari hii aliongea polepole. "Samahani, fundi. Najua wengine wanasemaje. Mimi nina mtu mmoja wa kuongea naye humu ndani."

"Na wewe, dada Kibibi?"

Kibibi alikifuta kisu kwenye kanga yake. "Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Zamoyoni aliinuka mkekani. Aliondoka na karatasi kwenye mkoba, na ule wepesi wote aliokuwa ameubeba mitaani ulikwisha pale pale.

5

Ijumaa saa tano na nusu Kaswamila alimkuta kwenye korido ya mahakama, akatoa kalamu mfukoni, akaishika mbele yake. Zamoyoni aliiangalia ile kalamu. Alimwona Shemhilu akipita kuingia ukumbini, Kibibi kamshika kiwiko. Alifungua mkoba, akaitoa karatasi, akausoma tena ule mstari wa pili. Niliwaeleza wenzangu maana hiyo.

Angeweza kujisingizia mwenyewe mambo mengi, hilo halikumtisha. Lakini kuandika kwamba Shemhilu aliambiwa, kwamba Kibibi alijua, kwamba mtoto yule wa mashine ya kupumulia huko mjini alieleweshwa akakubali! Hasira ilimpanda.

"Huu ni uongo," alisema, akaikunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa suti ya Kaswamila. "Nipishe."

Ukumbini walikuwa wamejaa watu wa Mawemapana, benchi tano nzima. Jaji alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani na sura ya uchovu. Ukutani nyuma yake palikuwa na skrini kubwa, maana tangu mwezi uliopita mahakama nazo zilikuwa zimefungiwa rejesta ileile ya Mamlaka iliyotumika barazani, inayosikiliza kila neno, kuliandika, na kuhesabu majibu. Ilimwandika Zamoyoni alipopanda kizimbani. Shahidi yupo.

Wakili wa upande wake alimuuliza machache, naye akajibu yote kwa kifupi. Hakujua. Hakuelezwa. Aliwaambia watu wabonyeze kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Kisha akasimama wakili wa Mamlaka, na huyu hakuwa na haraka hata kidogo. Aliuliza Zamoyoni alizaliwa lini. Aliuliza shule aliyosoma. Aliuliza kama skrubu za karakana yake zina risiti. Watu kwenye mabenchi walianza kunong'ona, na Zamoyoni, akiangalia saa ya ukutani, alielewa huyu bwana anangoja nini.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "huyu anapoteza muda makusudi. Saa sita ika..."

Hakuisikia sauti yake mwenyewe ikimaliza.

Ulikuwa ukimya uleule wa ile Jumanne, haukubadilika hata kidogo. Wakili wa Mamlaka alikuwa akiongea, midomo inakwenda, mkono kauweka kiunoni, na kwa makusudi kabisa alikuwa amemgeuzia mgongo nusu ili midomo isisomeke. Kwenye mabenchi watu walishika masikio yao. Bi. Sikudhani aliyachomoa yote mawili, akayaweka kwenye pochi, akaifunga. Kibibi alikuwa akimwambia mumewe jambo, akirudia, akirudia, na Shemhilu alikuwa akitikisa kichwa huku machozi yanamtoka, na kutikisa kichwa kwake Kibibi hakukuona.

Zamoyoni aliinua macho kwenye skrini.

"Wakili: Je, shahidi anakubali kwamba aliridhia?" Namba zikaanza kushuka kando ya maneno, kutoka kumi. Tatu. Mbili. Moja. "Jibu: Hana pingamizi. Ameridhia."

"Sijaridhia!" alipiga kelele. Hakujua amepiga kwa sauti gani, lakini karani aliruka kitini. "Mmenizima halafu mnaniuliza! Sijaridhia!"

Jaji aliinua mkono. Aliinama mbele, akamwangalia Zamoyoni usoni, akasema jambo. Miwani ilimeremeta kwa mwanga wa dirishani na Zamoyoni hakuyapata maneno. Jaji alirudia. Kisha akaona kwamba shahidi na watu wote wa mabenchi matano wanatazama nyuma yake, si yeye. Akageuka.

Maneno yake mwenyewe yalikuwa yameandikwa ukutani, makubwa, meusi.

"Jaji: Shahidi, unanisikia?"

"Jibu: Ameridhia."

Jaji alikaa akiyatazama. Wakili wa Mamlaka alianza kusema kitu, akanyamazishwa kwa kidole. Namba zilikuwa zimeanza kushuka tena, pengine kwa jambo alilosema wakili, pengine kwa guno la mtu. Jaji aliinuka na joho lake lote, akaufuata waya wa skrini mpaka kwenye soketi, akauchomoa kwa mkono wake.

Akarudi kitini. Alichukua karatasi tupu, akaandika, akampa karani ampelekee shahidi pamoja na kalamu.

"Bi. Zamoyoni, uliridhia?"

Aliandika HAPANA, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika, akatia sahihi yake chini.